HiAce iliyolala miaka tisa chini ya mwembe: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki nimekiandika kwa mafundi wanaoanza, na kwa kila mwenye mkweche uani ambaye kila sikukuu husema mwaka huu tutauamsha. Majina nimeyaondoa, namba ya gari haimo, na mji utosheke na kuitwa mji mmoja wa mwambao wa kaskazini mwa Tanzania. Gharama ni za gari hili, mwaka 2022. Pale nilipokosea mimi nimepaacha kama palivyokuwa.

Usuli

Gari ni Toyota HiAce ya kizazi cha H100, zile ambazo Dar es Salaam walizibatiza vipanya. Injini ni ya dizeli, aina iitwayo 3L (ni jina tu, si lita tatu), silinda nne, cc 2,779, gia za mkono. Mwenyewe alibebea abiria, baadaye wanafunzi. Alifariki mwaka 2013. Baada ya arobaini gari likaegeshwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, vioo vikapandishwa, funguo ikatundikwa kwenye msumari jikoni. Hakuna aliyekaa akaamua gari lihifadhiwe. Liliachwa tu, kama kiti cha marehemu kinavyoachwa.

Miaka tisa baadaye mjane wake, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa, ana biashara ya kukodisha maturubai, viti na masufuria ya shughuli. Kila harusi analipia lori la Canter shilingi 60,000 kwenda na kurudi, na kwa wiki shughuli mbili hazikosi. Mnunuzi wa chuma chakavu alishafika mara mbili na kutaja 1,200,000 kwa gari zima. Mpwa wa Bi Mkubwa ndiye aliyesema kwamba kuuza chombo kwa kilo huku unakodi chombo ni wendawazimu.

Jaribio la kwanza, kabla sijaitwa

Mpwa alianza na fundi wa jirani. Wakaleta betri ya lori, wakaunga, wakapiga stata. Stata ikafanya "ta!", injini ikajigusa kidogo ikagoma. Wakapiga tena na tena mpaka waya wa betri ukawa wa moto mkononi. Shauri likawa gari livutwe na trekta, likiwa kwenye gia ya tatu, "injini ifunguke yenyewe." Bahati nzuri trekta siku hiyo lilikuwa shambani.

Mimi nilifika kesho yake asubuhi. Bi Mkubwa, baada ya shikamoo na marahaba, akanipa la moyoni: "Fundi, mwenzio alisema jana ile ile lingewaka."

"Lingewaka, Bi. Ila sijui lingezimwa na nani."

Hakucheka. Akaniletea chai.

Hali ya gari

Kwanza kabisa nilipiga picha. Nilipiga kila upande, chini ya gari, ndani, dashibodi, hata zile namba za ubavuni mwa matairi. Ni mazoea yangu tu. Baadaye picha hizo zilifanya kazi ambayo sikuitarajia.

Kisha nilichukua nyundo ndogo nikaingia uvunguni kugonga chesisi, kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinaitika, kinalia kama kengele nzito. Chuma kilichooza kinameza sauti, kinafanya "pu" na vumbi jekundu linakumwagikia machoni. Mwambao chumvi inatembea hewani, na gari la huku huanza kufia chini. Niliwaambia wazi kabla ya kuingia: chesisi ikifanya "pu" mahali pawili, namwita mwenye chuma chakavu mimi mwenyewe. Iliitika yote. Kilichooza ni sakafu ya upande wa dereva, pale miguu inapokaa, na hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea.

Mengine niliyoyakuta: panya wamejenga ndani ya kisanduku cha filta ya hewa kwa sponji la kiti, na walipomaliza kujenga wakala waya. Fyuzi moja ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya sigara, urithi wa dereva wa zamani. Dizeli iliyobaki tenkini ilikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi. Maji ya rejeta yalikuwa kama uji wa ulezi. Matairi yalikuwa na kashata, yaani meno ya juu, nzuri kabisa, na ubavuni yameandikwa 3811, maana yake yalitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2011.

Tukakaa kibarazani tukapanga. Nilikadiria 2,500,000, na tukakubaliana kwamba ikizidi nusu ya bei ya HiAce ya umri huo inayotembea, tunasimama. Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi kwa mpwa: hakuna kugusa funguo mpaka niseme.

Kuamsha injini

Injini ya HiAce hii iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo unafanya kazi umeinama ndani ya kibanda, jasho likikudondokea kwenye valvu kava. Tulifungua nozeli zote nne, zinazonyunyizia dizeli, na glowplagi zake, zinazopasha silinda moto. Nozeli zikaenda kwa fundi pampu kupimwa kwenye mashine. Kwenye kila silinda tukamimina mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi za otomatiki, vijiko kama vinne hivi, tukaziba matundu kwa vitambaa.

Kabla ya kumimina nilitaka kujua nani hasa amegoma. Nilishika kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa boksi spana na mpini mrefu: inakwenda kidogo, inagota. Inawezekana ni pistoni, na inawezekana ni pampu ya dizeli imeganda, kwa sababu kranki na pampu vimeunganishwa na mkanda mmoja wa taimingi. Tukalegeza mkanda, nikazungusha puli ya pampu peke yake. Ikazunguka kwa mirukoruko yake ya kawaida. Basi pampu haina neno, kilichoshika ni pistoni. Mkanda tukaukaza tena. Hapo ndipo ungeona trekta lingefanya nini: lingelazimisha kranki, mkanda wa miaka kumi na kitu ungekatika au kuruka meno, na valvu zingekutana na pistoni. Kazi ya mafuta ya vijiko vinne ingegeuka ovahoo ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda.

Tuliacha siku tatu. Kila jioni nilipita kuongeza kidogo na kuisukuma kranki mbele na nyuma, bila nguvu, kama unavyotikisa meno ya mtoto. Siku ya tatu saa kumi na moja jioni ikapita pale ilipokuwa ikigota. Nilisikia mkononi kabla ya kusikia masikioni: kitu kama mchanga kikisagika, kisha laini. Tukazungusha mizunguko miwili kamili kwa mkono. Halafu, vitambaa vikiwa vimewekwa mbele ya matundu, tukapiga stata sekunde tano. Maji meusi yenye kutu yalivipita vitambaa na kumwogesha mpwa kifuani. Silinda ya tatu ndiyo iliyotapika zaidi. Valvu yake ya hewa ilikuwa imebaki wazi miaka yote ile, na unyevu uliingia kupitia kwa wale panya.

Mkanda mpya wa taimingi ulifungwa kabla injini haijawaka hata mara moja, na bearingi zake zote. Fundi wa jirani, ambaye nilimbakiza kazini makusudi, alisema ule wa zamani bado mzima. Nikaukunja kwa nyuma mbele yake. Katikati ya kila meno mawili kulikuwa na mpasuko mwembamba, kama nyayo za mtu asiyepaka mafuta kiangazi.

Tulipima kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa: 27, 26, 19, 27, kilo kwa sentimita ya mraba. Kitabu cha injini hizi kinataka isishuke chini ya 20. Kulikuwa na hoja ya kufungua hedi. Niliamua tusifungue. Sababu yangu ni kwamba ringi za pistoni zilizokaa muda mrefu hunata kwenye nafasi zake, na nyingi hulegea injini ikipata joto na oili mpya. Nikasema tuiwashe, itembee, tupime tena. Kama nimekosea, hedi itafunguliwa mwezi ujao kwa gharama ile ile.

Iliwaka siku ya nane, ikivuta dizeli kutoka dumu la lita tano lililofungwa kwenye mlango, si kutoka tenkini. Moshi mweupe ukajaa uani, kuku wakakimbia, Bi Mkubwa akatoka jikoni na mwiko mkononi. Baada ya dakika kama mbili ikashika sailensa, ikazunguka yenyewe bila kukanyagiwa mafuta. Alisimama pale mpaka moshi ulipopungua, akarudi ndani bila kusema neno.

Dizeli mpya, sili za zamani

Kesho yake chini ya pampu kulikuwa na duara jeusi mchangani. Pampu ilikuwa inavuja kwenye sili, ile mipira ya kuziba, na asubuhi ilikuwa ngumu kuwaka kwa kuwa panapotoka dizeli usiku ndipo panapoingia upepo.

Mafundi wengi hulaumu kukaa, na ni kweli mpira hukauka. Lakini kuna jambo la pili. Gari hili liliegeshwa mwaka 2013. Kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kusafisha salfa hubadilisha na vitu vingine ndani ya dizeli, vile vilivyokuwa vikiifanya mipira ya zamani ibaki imevimba na kuziba. HiAce hii haikuwahi kuionja dizeli hiyo. Sili zilizozoea dizeli ya zamani, zikakauka miaka tisa, kisha zikakutana na dizeli mpya, zilinywea. Pampu ilishushwa, ikabadilishwa sili zote, 380,000. Ningelijumlisha hilo tangu siku ya kibarazani, hesabu yangu isingeonekana ya kitoto.

Breki

Hapa ndipo nilipokosea.

Nilibadilisha mipira ya masta silinda, silinda za magurudumu ya nyuma, breki shuu na pedi. Oili ya breki tuliimwaga yote. Hozi za mbele, zile za mpira zinazokwenda kwenye magurudumu, niliziangalia, nikazikunja, sikuona mpasuko, nikaziacha. Nilikuwa nawaza ile 2,500,000 ambayo pampu ilishaanza kuila.

Jumamosi asubuhi tukatoka kujaribu, mimi kwenye usukani, mpwa pembeni na mtungi wa kuzimia moto mapajani. Matairi yalikuwa mapya. Yale ya 2011 tuliyatumia kusogezea gari uani tu. Kilomita ya kwanza safi. Ya tatu gari likaanza kuvuta kulia, upande wa magari yanayokuja. Nikashika breki taratibu, likavuta zaidi. Nikaachia, likaendelea kuvuta. Ikaja harufu. Niliegesha chini ya mkorosho, nikamimina maji ya kunywa kwenye rimu ya mbele kulia. Yakafanya "chwaa" na kukauka kabla hayajafika chini.

Nililegeza bomba pale kwenye masta silinda: gurudumu bado limeshika. Nikalegeza nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa: oili ikaruka kwa nguvu, gurudumu likaachia papo hapo. Maana yake presha ilikuwa imefungiwa katikati, na katikati hakuna kingine cha mpira ila hozi. Kwa nje ilikuwa nzima, ndani imevimba. Mguu wa dereva una nguvu ya kusukuma oili ipite kwenda, lakini kurudi hakuna wa kuisukuma.

Tulirudi tukivutwa na Canter, ile ile ya kukodi. Bi Mkubwa alilipa 60,000 nyingine, nikazikata kwenye ufundi wangu. Hozi zote za mpira na kalipa iliyoungua, 190,000.

Karatasi

Gari lilipoonekana barabarani, wiki haikuisha. Alikuja shemeji yake Bi Mkubwa pamoja na kijana wa mke wa kwanza, wakakaribishwa, wakanywa kahawa, wakauliza gari linakwenda wapi. Miaka tisa lilikuwa uchafu wa Bi Mkubwa, yeye ndiye aliyefagia majani ya mwembe juu yake. Lilipowaka likawa mali ya marehemu.

Na kweli lilikuwa mali ya marehemu. Kadi ina jina lake, na mirathi yake haikuwahi kufunguliwa mahakamani. Familia ilikuwa ikiogopa deni la leseni ya gari ya kila mwaka, bila kujua kwamba ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Wakati huo huo jambo lililokuwa na uzito, la msimamizi wa mirathi, hakuna aliyelifikiria. Mimi pia sikuuliza kadi ina jina la nani. Nimeingiza spea za watu kwenye gari lisilo na mwenyewe kisheria.

Ilichukua wiki sita mpaka Mahakama ya Mwanzo ikatoa fomu namba nne, ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi, na gari muda wote huo limefungwa uani. Kilichozuia ugomvi mkubwa ni zile picha za siku ya kwanza, na ile bei ya chuma chakavu. Familia ilikubaliana kwamba alichoacha marehemu ni gari la 1,200,000, kama linavyoonekana pichani na nyumba ya panya ndani yake. Hicho ndicho kikagawanywa. Kilichoongezeka ni jasho la Bi Mkubwa. Akawalipa wenzake mafungu yao, uhamisho ukafanyika TRA, mamlaka ya mapato.

Matokeo

Jumla ya matengenezo ilifika 3,310,000. Ziada ya 810,000 ilitokana na mambo matatu: pampu, hozi pamoja na kalipa, na sakafu, ambayo fundi wa kuchomelea alipoikata alikuta uozo umekwenda mbele kuliko ulivyoonekana, 240,000.

Klachi ilikuwa imegandana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Tuliiachanisha kwa kunyanyua magurudumu ya nyuma kwa jeki, injini ikiwa ya moto, gia ya tatu, pedali chini, na kukanyaga breki kwa ghafla. Haikudai spea.

Kompresheni ya silinda ya tatu baada ya miezi miwili ya kazi ilisoma 24. Hedi haijafunguliwa. Ukitoa mafuta na dereva, Bi Mkubwa anaokoa kama 300,000 kwa mwezi ambazo zingekwenda kwenye Canter, kwa hiyo fedha ya matengenezo ilirudi baada ya miezi kama kumi na moja. Asubuhi za baridi gari bado linatoa moshi mweupe kidogo, na kutu ya sakafu imeanza kuchungulia tena pembeni mwa kiraka.

Uchambuzi

Uamuzi uliolipa kuliko mwingine wowote ni ule wa kutowasha. Haukutaka fedha, ulitaka siku nane tu na mpwa mwenye subira ya kulazimishwa. Pamoja nao naweka kuwasha kwa dumu badala ya tenki: nozeli zimetoka kupimwa, halafu unavuta matope ya tenkini, umefanya nini? Tenki tulilishusha na kuliosha baadaye, kwa nafasi.

Kutofungua hedi kulifaa safari hii, lakini nisingependa mtu aisome namba 19 kama ruhusa. Niliweza kusubiri kwa kuwa silinda tatu zilikuwa sawasawa na hapakuwa na maji kwenye oili. Ingekuwa mbili zimeshuka na zimepakana, ningeshuku gasketi ya hedi na ningefungua siku ile ile.

Kilichoshindikana ni hesabu yangu, na kosa lake ni la aina moja kila mahali. Nilitazama chuma. Chuma kilikaa miaka tisa na kilikuwa karibu kizima. Hata pistoni iliyoshika ilitaka vijiko vinne vya mafuta. Mkanda, sili za pampu, hozi, matairi, mipira ya breki, vyote ni mpira, na mpira hauoneshi umri wake kwa nje. Kwenye mkanda nilikuwa mkali kwa sababu najua injini inakufa. Kwenye hozi nikalegea kwa kuhofia gharama, ilhali injini ikifa unasimama pembeni, na breki ikikuvuta kulia mbele ya basi la Dar hakuna pembeni. Mpangilio wangu ulikuwa kinyume: nilimaliza cha kuliendesha gari kabla ya kumaliza cha kulisimamisha.

Kuhusu karatasi, nimebadilisha utaratibu gereji. Gari lolote lililolala zaidi ya mwaka, naomba kuona kadi kabla sijafungua boneti, na jina lisipofanana na la mtu aliyeniita, nauliza yuko wapi. Wateja wawili wameshaniona mjeuri kwa hilo. Mmoja aliondoka na gari lake.

Ile hozi ya kulia nimeihifadhi, nimeipasua kwa urefu. Vijana wapya wakija nawapa waishike nje kwanza waniambie kama ni nzima. Wote husema nzima. Kisha nawafungulia ndani, nawapa sindano ya cherehani waipitishe kwenye tundu. Inapita kwa shida.